Mwite, Ameshageuza Shingo

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jioni watu wanapotoka kazini. Gusa kiatu kimoja kwa ncha ya kidole, halafu jifanye unaendelea na safari zako. Hutafika hatua tano. “Dada! Dada wa kitenge! Rudi basi, wewe una ngapi? Niungishe, dada yangu!” Yule kijana hajui jina lako wala unakoishi. Hajui kama mkobani una elfu hamsini au una nauli tu. Anachojua ni kimoja: kidole kimegusa kiatu. Hicho kinamtosha kupaza sauti.

Sasa nieleze, ndugu yangu. Wewe uliyekulia kwenye kelele hizo, leo uko Houston, au Reading, au hapa Minneapolis nilipo mimi. Umefungua kaduka kako eBay, unakashughulikia ukitoka zamu ya usiku. Vidole 11 vimegusa kiatu chako, na wewe umetulia kama maji mtungini. Nani alikufundisha kuuza kimya kimya?

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa mwanafunzi bora wa somo hilo.

Nilinunua kamera ya filamu, Canon AE-1, kwa mzee mmoja aliyefungua gereji yake Jumamosi moja ya Juni na kupanga mezani vitu alivyovichoka. Dola 30. Ni kamera iliyoingia sokoni mwaka 1976, na vijana wa leo waliochoshwa na picha za simu wanaitafuta. Nikaifuta vumbi, nikatia betri mpya, nikapiga filamu nzima kuijaribu, nikaipandisha kwa dola 120. Wiki ya kwanza nikapata wafuatiliaji watatu. Mwisho wa mwezi wakawa 11. Kila nikirudi asubuhi nafungua simu kabla hata ya kuvua koti, nahesabu ile mioyo wanayobonyeza wafuatiliaji, najipongeza. Nilikuwa kama mwenyekiti wa kamati ya harusi anayesoma orodha ya ahadi kwa madaha, wakati mfuko wa michango ni mtupu na mpishi anadai chake. Miezi minane! Kamera inalala kabatini chini ya shuka za wageni, mioyo 11 inameta kwenye kioo cha simu, benki hamna kitu.

Na kitufe cha kutuma ofa kilikuwepo muda wote. Kilikaa pale pale kando ya tangazo, kikinikumbusha kwamba kuna wanunuzi ninaoweza kuzungumza nao. Nilikipita kama ninavyompita mtu anayegawa vipeperushi barabarani. Mwenye shida atanunua, nilijiambia. Kumpunguzia bei mtu ambaye hata hajaniomba niliona ni kujishusha.

Aliyeniamsha ni shoga yangu mmoja, mtu wa Tanga, anayeuza nguo za watoto kwenye soko jingine la mtandaoni, Poshmark, huku akilea wawili wake. Alichukua simu yangu aangalie wakati, akaona ile 11, akaniangalia mimi. “Mwenzangu,” akasema, “watu wamesimama mlangoni hawajui kupiga hodi, na wewe umo ndani hujui kusema karibu. Mtaonana saa ngapi?”

Jioni ile nikatuma ofa ya kwanza. Dola 108. Sijamaliza kuosha vyombo, mtu wa Oregon akawa ameshalipa.

Mambo yanavyokwenda ni haya. Mtu akibonyeza moyo kwenye bidhaa yako, au akiiweka kikapuni akaitelekeza humo, mfumo humhesabu kuwa ana nia. eBay haikupi jina lake, unaona idadi tu. Lakini inakupa njia ya kumfikia. Unataja bei mpya, ambayo lazima iwe chini ya ile ya tangazo kwa angalau asilimia 5, unaongeza maneno mawili matatu ukipenda, unatuma. Ofa inawafikia hao wenye nia peke yao. Mpita njia atakayefungua ukurasa wako kesho ataikuta bei ile ile ya mwanzo. Ofa ina siku zake chache, zikiisha imekufa. Kuituma ni bure. Poshmark nao wana ya kwao, ila wao hutaka ushuke kwa asilimia 10 au zaidi na umwondolee mnunuzi sehemu ya gharama ya usafirishaji. Mercari, iliyozaliwa Japani mwaka 2013, nayo ina yake. Vitufe vina majina tofauti, kazi ni ile ya kijana wa Mtaa wa Kongo.

Tukae kidogo na huyu aliyebonyeza moyo, maana wengi wetu tunamsoma vibaya. Tunadhani amekataa. Angekuwa amekataa asingebonyeza, angepita kama walivyopita mamia wengine ambao hata kivuli chao hukukiona. Huyu alisimama. Alikuza picha akatazama mkwaruzo ulio pembeni. Akasoma maelezo yako hadi chini. Halafu mtoto akalia, au basi likafika kituoni, au alikuwa na dola 100 na wewe unataka 120, au alisema asubiri mshahara na mshahara ulipoingia akawa amesahau lile duka lilikuwa la nani. Wengine wameitamani kamera yako na nyingine nne zinazofanana nayo. Wanangoja mmoja wenu afumbue mdomo. Atakayeongea wa kwanza ndiye atakayesikilizwa, na hakuna sababu asiwe wewe.

(Wapo pia wauzaji wenzako wanaokuchungulia bei. Waache wachungulie. Ofa yako haiwanenepeshi.)

Na hili la kujishusha, tulimalize. Sisi tumetoka kwenye masoko ambako bei ni mwanzo wa mazungumzo. Mama wa nyanya akikuwekea mbili juu ya fungu hujamwona amejishusha, umemwona anajua biashara, na kesho unampita wa jirani yake ili ufike kwake. Muuzaji akikwambia “chukua, hii nakupa ya kufungulia”, unaondoka umeheshimiwa. Tumevuka bahari na utaalamu huo mkononi, halafu tukifika kwenye soko la kioo tunaufungia sandukuni pamoja na vitenge. Wenyeji wengi wa huku hawajazoea kuombana bei uso kwa uso, wanaona haya. Wewe huna haya hiyo. Itumie!

Lakini ofa hutumwa kwa daftari, isitumwe kwa hamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandaoni hupotea upesi zaidi kwa sababu hata noti huzishiki.

Chukua kamera yangu. Niliinunua dola 30. Boksi na posta ni dola 14, nami nilikuwa nimeahidi kubeba usafiri. Ada ya eBay huku Marekani, kwa aina nyingi za bidhaa, inazunguka asilimia 13 ya mauzo. Ningeuza kwa 120, ada ingekuwa kama dola 15 na senti 60, ningebaki na dola 60 na ushee. Kwa 108 ada inashuka kwenye dola 14, nabaki na 50. Angalia vizuri hapo. Mnunuzi amepata nafuu ya dola 12, lakini mfukoni mwangu zimetoka dola 10 na senti kidogo. Zilizobaki zimetoka kwa mwenye soko, bila yeye kununa. Sasa weka upande mmoja dola 60 za ndotoni na upande wa pili dola 50 za Ijumaa hii, uniambie zipi zitakwenda nawe Jumamosi kununua kamera nyingine.

Kisha itafute bei yako ya mwisho kabisa kabla hujabonyeza chochote. Mimi nilijisemea kwamba kwa kazi ya kuitafuta, kuisafisha, kuipiga picha na kuifunga, sikubali kubaki na chini ya dola 35. Nikajumlisha 35, 30 na 14, nikapata 79. Nikagawa kwa 0.87, kwa kuwa zile 13 katika kila 100 si zangu. Ikaja dola 91. Kuna senti za kila oda na ada huguswa pia na kodi ya mauzo, kwa hiyo ongeza dola moja mbili za kujikinga. Nikaandika 93 kwenye kikaratasi, nikakibandika kwenye boksi. Chini ya hapo, hata mtu aje na hadithi ya mamake mgonjwa, jibu ni asante sana. Ukiwa na namba hiyo mkono hautetemeki. Hofu ya kutuma ofa mara nyingi ni hofu ya kutojua unasimama wapi.

Usianze pia na namba ya mwisho. Ukijua 93 ndiyo sakafu, anza na 108, maana mtu anaweza kukujibu na bei yake, na mazungumzo yanahitaji nafasi ya kupumulia. Anayetoa ya mwisho kwenye salamu atatoa nini wakiketi?

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kisa ninachokipenda. Septemba 1995, San Jose, California, mhandisi wa kompyuta aitwaye Pierre Omidyar, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani, alifungua tovuti ya minada akaiita AuctionWeb. Jina la eBay lilikuja baadaye. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu. Ikanunuliwa kwa dola 14 na senti 83. Omidyar hakusherehekea, alishangaa. Akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu hicho hakifanyi kazi. Jamaa akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Watu husimulia kisa hiki ili kuonyesha kwamba duniani kila kitu kina mtu wake, na ni kweli. Mimi napenda sehemu nyingine: muuzaji alimwandikia mnunuzi. Soko lile lilipozaliwa, muuzaji na mnunuzi walikuwa tayari wanaongea. Kimya tumekileta sisi.

Siku hizo kila kitu kilinadiwa, watu wakipandishiana dau hadi saa ya mwisho. Mwaka 2000 eBay wakaleta njia ya kununua papo hapo, na leo sehemu kubwa ya mauzo yao ni ya bei iliyotajwa. Ndiyo maana ofa kwa wenye nia imekuwa silaha ya kila siku. Lakini kama bado unapenda mnada wenyewe, nao una mlango wake, na huu nimeupitia kwa maumivu.

Nilinadi bakuli nne za Pyrex za maua, zile ambazo bibi za huku walitumia miaka ya 1960 na wajukuu zao wanazigombania sasa. Dau likapanda hadi dola 74. Mshindi akaingia mitini. Siku ya kwanza kimya, siku ya tatu kimya, ujumbe hajibu. Nilikasirika nikataka kuanza upya, nipige picha nyingine, nisubiri wiki nyingine. Kumbe aliyeshindwa kwa dola moja bado yupo na bado ana kiu. eBay huruhusu kumtumia aliyeshindwa ofa ya nafasi ya pili, kwa bei ile ile aliyoitaja mwenyewe mara ya mwisho. Nikamtumia ya dola 73. Akalipa usiku huo huo na kunishukuru, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hisani. Unaweza kuitumia hata pale ulipo na vitu viwili vya aina moja na mnada mmoja umevuta watu wengi: mshindi anachukua cha kwanza, wa pili unampelekea chake. Aliyetoka mnadani mikono mitupu ana uchungu mbichi. Usimwache apoe.

Uchungu huo matapeli nao wanaujua. Huwaandikia walioshindwa barua pepe za kujifanya wewe. Kwa hiyo ofa yako ipite ndani ya mfumo, malipo yapite humo humo, na anayekwambia “tumalizane pembeni tukwepe ada” mmwage kistaarabu. Ada ile ndiyo inayokulinda siku kifurushi kikigombewa.

Maneno ya kwenye ofa nayo yana uzito wake. Nimepokea ofa nyingi zisizo na neno hata moja, na nimepokea chache zenye sentensi mbili, na hizo chache ndizo zinazobaki kichwani. Sasa huandika kitu ambacho aliyekuza picha angetaka kukijua. Kwenye kamera niliandika kwamba nimepiga filamu nzima nayo, kwamba haina ule mlio wa kukohoa ambao wapenzi wa Canon AE-1 wanauogopa, kwamba sponji za kuzuia mwanga zimechakaa na ni rahisi kubadilisha, na kwamba akilipa leo naipeleka posta kesho. Basi. Sikuandika “tafadhali”, sikuandika nyumba inanidai kodi. Nilimwambia hata ubovu wa sponji, na nina hakika sponji ndizo zilizoiuza, kwa sababu mtu akikuonyesha kasoro mwenyewe unamwamini kwenye mazuri.

Kuna mchezo mmoja nauona kwa wenzetu na sitaufumbia macho. Unapandisha bei Jumatano ili Ijumaa utume “punguzo” linalokurudisha pale pale ulipokuwa. Aliyebonyeza moyo wiki mbili nyuma anaikumbuka bei yake! Utakuwa umempigia simu kumjulisha kwamba wewe ni mwongo. Punguza kweli au usipunguze.

Muda? Mimi hutuma Ijumaa jioni. Huku Marekani waajiriwa wengi hulipwa kila baada ya wiki mbili, na mara nyingi ni Ijumaa. Uingereza wengi hungoja mwisho wa mwezi, kwa hiyo wewe wa Reading jipange na tarehe zako. Sitasema ni kanuni. Nasema tu kwamba mtu mwenye mshahara wa saa nne zilizopita husoma ofa kwa jicho la huruma.

Na wengi hawatajibu. Nisikudanganye, wengi watakaa kimya, ofa itakufa, utaona kama umepigia kelele ukuta. Kijana wa Mtaa wa Kongo anaita migongo mingapi kwa siku? Ingekuwa kila mgongo usiogeuka unamvunja moyo, kufikia saa sita mchana angekuwa amekunja turubai akaenda kulala. Haendi. Mgongo ukishapita anaangalia unaofuata, na sauti haijapungua hata kidogo. Tuma, usijibiwe, tuma kwa bidhaa nyingine. Rekebisha picha. Soma upya maelezo yako, huenda hukutaja ukubwa. Wafuatiliaji wapya wakiingia, tuma tena. Una vitu 20 dukani na saba vina mioyo? Basi una mazungumzo saba hujayaanza, na chai yako bado ya moto. Anza nacho kilichokaa muda mrefu kuliko vyote, kile ambacho mumeo au mkeo amekwisha kukiulizia mara mbili kinafanya nini sebuleni.

Sisemi haya nikiwa nimekaa pembeni. Leo ni Ijumaa, saa tatu usiku, na mezani nina mashine ya kuandika, Smith-Corona ya kubeba mkononi yenye sanduku lake, niliyoitangaza kwa dola 130. Ina wafuatiliaji sita. Kikaratasi chake kinasoma 95. Kabla ya kuandika aya hii nilituma ofa ya dola 115, nikaeleza kwamba herufi zote zinapiga ila “e” inahitaji kidole kizito, na utepe ni mpya.

Simu imelia. Mmoja kati ya sita amejibu: anataka kwa 90.

Nimemrudishia 99.

Anafikiri. Nami nimekwenda stoo kutafuta boksi kubwa, maana mashine hizi ni nzito na posta hawana mikono ya huruma. Nimepata moja lililoleta blenda, na magazeti ya kujazia. Nikiwa ninakata gundi ya karatasi, simu imelia tena. Amelipa.

Wamebaki watano kwenye mashine ambayo haipo tena, na kwenye kabati kuna redio yenye mioyo minne.